Kwa Nini Juma Kuu Halikosi Mbalamwezi

Juma Kuu haliangukii kwenye giza. Wavuvi wa dagaa wa Ukerewe, Ukara, Kayenze na Igombe, huku kwetu Mwanza kwenye Ziwa Viktoria, wanaweza kukuhakikishia hilo bila kufungua kalenda, maana kazi yao yote inakwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Usiku usio na mwezi, taa ndiyo mwanga pekee ziwani. Dagaa hujikusanya kuizunguka na wavu ukawazoa. Mwezi ukipevuka, mwanga wake hutapakaa juu ya maji yote, taa hukosa nguvu, dagaa hutawanyika, na mitumbwi huvutwa nchi kavu mpaka mbalamwezi ipungue. Ndiyo maana siku za kuelekea Ijumaa Kuu kambi nyingi huwa zimetulia, na wanaume ambao wiki mbili kabla walikuwa wanakesha majini huonekana kwenye mabenchi ya kigango.

Wengi hudhani ratiba imekubali tu. Ukweli ni kwamba Pasaka imefungwa kwenye mwezi mpevu tangu Misri. Kutoka sura ya 12 inaagiza mwanakondoo achinjwe siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, jioni. Mwezi wa Kiebrania huanza mwezi unapoandama, kwa hiyo siku ya 14 ni mwezi mpevu au karibu sana na hapo. Yesu aliteswa wakati wa sikukuu hiyo, na Kanisa halikukubali kuiachia tarehe hiyo ipotee.

Naanzia hapa kwa makusudi. Mafundisho mengi kuhusu jua na mwezi katika imani yetu huanza na kuishia kwenye mapambo: miale kwenye kitambaa cha altare, mwezi chini ya miguu ya Bikira Maria. Lakini alama hizi zina maana kwa sababu jua na mwezi hufanya jambo fulani halisi angani, na anayezifundisha bila kutazama anga hufundisha nusu. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili tumepewa anga nzuri ya kujifunzia.

Jinsi tarehe ya Pasaka inavyopatikana

Mtaguso wa Nisea mwaka 325 uliamua kwamba Wakristo wote waadhimishe Pasaka Jumapili moja, bila kungoja hesabu ya Wayahudi. Kanuni iliyokuja kukubalika ni hii: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza ulio tarehe 21 Machi au baada yake. Tarehe 21 Machi inawakilisha siku ambayo mchana na usiku hulingana. Kwa hiyo vitu vitatu vinakutana: jua linatoa majira, mwezi unatoa siku ya 14, na juma linatoa Jumapili, siku ya ufufuko.

Mwezi unaotumika hapa ni wa jedwali. Hakuna anayepanda kilima cha Bugando kuutazama. Waislamu, majirani zetu, hungoja mwezi uandame ndipo wafunge na wafungue. Wakristo waliamua kuuhesabu kabla, ili Kwaresima ijulikane mapema. Hesabu inategemea jambo moja la ajabu: miaka 19 ya jua inakaribia kabisa kulingana na miezi 235 ya mwandamo. Baada ya miaka 19, mwezi mpevu hurudi kwenye tarehe zilezile.

Ukitaka kuikokotoa mwenyewe, gawa mwaka kwa 19, chukua kinachobaki, ongeza 1. Utapata namba kati ya 1 na 19, iitwayo namba ya dhahabu. Kisha tafuta mwezi mpevu wake hapa. Jedwali hili linafaa kwa miaka yote kuanzia 1900 hadi 2199:

1: 14 Aprili. 2: 3 Aprili. 3: 23 Machi. 4: 11 Aprili. 5: 31 Machi. 6: 18 Aprili. 7: 8 Aprili. 8: 28 Machi. 9: 16 Aprili. 10: 5 Aprili. 11: 25 Machi. 12: 13 Aprili. 13: 2 Aprili. 14: 22 Machi. 15: 10 Aprili. 16: 30 Machi. 17: 17 Aprili. 18: 7 Aprili. 19: 27 Machi.

Jumapili inayofuata tarehe hiyo ndiyo Pasaka. Chukua 2027. Ukigawa kwa 19, kinabaki 13. Ongeza 1, namba ni 14, mwezi mpevu 22 Machi, siku ya Jumatatu. Pasaka ni 28 Machi. Rudi nyuma siku 46 upate Jumatano ya Majivu, 10 Februari. Nenda mbele siku 49 upate Pentekoste, 16 Mei.

Wanaokosea hukosea hasa pale mwezi mpevu unapoangukia Jumapili yenyewe. Hapo Pasaka husogea mpaka Jumapili ijayo, kwa sababu kanuni inasema *baada ya* mwezi mpevu. Mwaka 2038 namba ya dhahabu ni 6, mwezi mpevu ni 18 Aprili, na siku hiyo ni Jumapili. Pasaka itakuwa 25 Aprili, tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana. Mara ya mwisho ilifika huko mwaka 1943. Tarehe ya mapema kabisa ni 22 Machi, na haitatokea tena hadi 2285.

Kosa la pili ni kuchanganya jedwali na anga. Mwaka 2019, kwa saa zetu, mchana na usiku vililingana muda mfupi kabla ya saa 7 usiku wa kuamkia 21 Machi, na mwezi ukapevuka kabla ya saa 11 alfajiri hiyohiyo. Kwa macho ya anga Pasaka ingekuwa 24 Machi. Lakini jedwali liliweka mwezi mpevu huo 20 Machi, siku moja kabla ya mpaka, hivyo ukahesabiwa wa Kwaresima, na Pasaka ikaadhimishwa 21 Aprili. Muumini akikuuliza kwa nini, hilo ndilo jibu, na halina siri yoyote.

Kuhusu Waorthodoksi, ambao wana jimbo lao hapa Mwanza, hesabu yao inafuata kalenda ya Julius. Papa Gregori XIII alipoirekebisha kalenda mwaka 1582, siku iliyofuata 4 Oktoba ikawa 15 Oktoba. Makanisa ya Mashariki hayakuifuata hesabu hiyo kwa Pasaka, na leo tofauti imefikia siku 13. Tarehe 21 Machi yao ni 3 Aprili yetu, na mwezi wao wa jedwali nao umechelewa siku kadhaa. Ndiyo maana Pasaka zetu mara nyingine huangukia siku moja, kama ilivyokuwa 20 Aprili 2025 na itakavyokuwa 16 Aprili 2028, na mara nyingine hupishana hata wiki tano.

Sasa angalia matokeo ya kanuni hii. Kwa kuwa Pasaka huwa siku ya 1 hadi ya 7 baada ya mwezi mpevu, mwezi mpevu wa jedwali hauna budi kuangukia kati ya Jumapili ya Matawi na Jumamosi Kuu. Kila mwaka, bila kukosa.

Mkesha na giza lake

Mkesha wa Pasaka hupaswa kuanza usiku ukiwa umeshaingia, na kumalizika kabla ya mapambazuko ya Jumapili. Mwanza, kipindi chote ambacho Pasaka inaweza kuangukia, jua huchwa kati ya saa 12:48 na saa 12:59 jioni, na giza la kweli huingia kama saa 1:20 usiku. Parokia inayowasha moto saa 12 jioni ili watu wawahi daladala imeondoa kiini cha ibada. Naelewa shida ya usafiri, hasa kwa wanaotoka mbali. Hata hivyo mshumaa wa Pasaka, wenye msalaba, Alfa na Omega, tarakimu nne za mwaka na punje tano za ubani, umewekwa uingie kwenye kanisa lenye giza. Ukiingia wakati jua la magharibi bado linapiga madirishani, shemasi anaimba "Mwanga wa Kristo" na hakuna anayeuona.

Mwezi nao una zamu yake usiku huo. Kila siku huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Mwezi mpevu ukiwa Jumamosi Kuu yenyewe, kama ilivyokuwa 31 Machi 2018, huchomoza jua linapozama na waumini huuona wakiwa wamezunguka moto. Mwezi mpevu ukiwa Jumatatu, kama itakavyokuwa 2027, mwezi wa usiku wa mkesha hautachomoza mpaka saa 5 hivi, na masomo yote ya Agano la Kale yatasomwa gizani. Mpanga liturujia akilijua hilo mapema anaweza kuamua taa za nje zizimwe lini.

Mwezi kama Kanisa

Mababa wa Kanisa walipotafuta mfano wa Kanisa angani, waliuchagua mwezi. Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alifundisha kwamba Kanisa halina nuru yake lenyewe. Hung'aa kwa nuru ya Kristo, hupungua na kuongezeka, lakini halipotei. Mwaka 2013, Kardinali Bergoglio aliukumbusha mfano huo mbele ya makardinali wenzake siku chache kabla ya kuchaguliwa kuwa Papa Fransisko, akionya kuhusu Kanisa linalodhani lina mwanga wake.

Mfano huu unastahimili vipimo. Uso wa mwezi ni mweusi kuliko unavyoonekana: hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga. Mwezi mpevu unaomfanya mvuvi avute mtumbwi nchi kavu ni hafifu mara 400,000 hivi kuliko jua. Na upande wake unaong'aa ni ule tu unaotazama jua. Katekista akiyasema haya matatu kwa vijana wa kipaimara amemaliza somo la Kanisa ni nini.

Mfano huohuo umewahi kutumika vibaya. Mwaka 1198 Papa Inosenti III aliandika kwamba mamlaka ya papa ni jua na mamlaka ya wafalme ni mwezi, na kwamba mfalme hupata fahari yake kutoka kwa papa kama mwezi upatavyo mwanga. Naona hapo mfano ulipinduliwa. Kwa Ambrosi Kanisa lilikuwa mwezi. Karne nane baadaye mkuu wa Kanisa akajiweka mahali pa jua, mahali ambapo Maandiko humweka Kristo peke yake.

Jua la haki

Malaki 4:2 inaahidi kwamba jua la haki litawazukia wanaolicha jina la Bwana, na Zakaria katika Luka 1:78 anasema juu ya mwangaza utokao juu. Hapo ndipo mila ya kusali kuelekea mashariki ilipokita mizizi, na ndiyo sababu makanisa mengi ya kale altare zake ziko mashariki. Anayetaka kujenga kigango kwa mila hiyo apime mashariki kwa jua la 20 au 21 Machi, au 22 na 23 Septemba. Akipima kwa jua la Juni au Desemba, atakosea kwa nyuzi 23 hivi, na hakuna atakayeweza kuurekebisha msingi. Dirisha kubwa nyuma ya altare ya mashariki lina shida yake pia: kwenye misa ya saa 1 asubuhi jua humpiga kila muumini usoni, na padre huonekana kivuli tu. Vioo vya rangi nzito, au madirisha mawili membamba pembeni, hutatua jambo hilo.

Krismasi ndiyo inayotusumbua. Mahubiri mengi yaliyonakiliwa kutoka Ulaya husema Kristo alizaliwa wakati mchana unapoanza kurefuka, na Yohane Mbatizaji, 24 Juni, mchana unapoanza kufupika. Mtakatifu Augustino aliyaunganisha hayo na Yohane 3:30, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Kwa Afrika ya Kaskazini alikokuwa Augustino, kila mtu aliona hivyo kwa macho. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa huwa Desemba na mfupi kabisa Juni, na tofauti kati yake ni kama dakika 17. Mkulima wa Magu haioni. Ukimwambia kwamba mwanga unaanza kurudi Desemba, unamwambia jambo ambalo anga lake linakanusha.

Nashauri mhubiri wa huku aliache jua la majira ya baridi na ashike jua la asubuhi, ambalo Maandiko yenyewe hulitumia zaidi. Zaburi ya 19 inalilinganisha na bwana arusi anayetoka chumbani mwake. Wasabato wanaoanza Sabato jua linapochwa Ijumaa tayari wanaishi kwa saa ya anga: hapa Mwanza kuchwa huko hucheza kati ya saa 12:38 jioni, kuelekea Novemba, na saa 1:08 usiku, katikati ya Februari. Ni nusu saa nzima, wala haisababishwi na urefu wa mchana. Inatokana na adhuhuri ya jua kusogea mbele na nyuma kulingana na mwendo wa dunia kwenye njia yake na mwinamo wa mhimili wake.

Mpaka lazima ulindwe. Kumbukumbu la Torati 4:19 inakataza kusujudia jua, mwezi na nyota, na Mwanzo 1 inaviita mianga tu, vilivyoumbwa siku ya nne, baada ya mimea. Hatari hiyo haikuwa ya kinadharia. Kaisari Aureliani aliweka wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa mwaka 274, na karibu karne mbili baadaye Papa Leo Mkuu alikuwa bado anawakemea Wakristo wa Roma waliogeuka kwenye ngazi za Basilika ya Mtakatifu Petro kuliinamia jua linalochomoza kabla ya kuingia kusali.

Kwa wachoraji na wanaotunza sakristia

Katika picha za kale za msalaba, kama ile iliyo kwenye Injili za Kisiria zilizonakiliwa mwaka 586, jua na mwezi viko juu ya msalaba. Mila ni jua kuwa mkono wa kuume wa Yesu, yaani kushoto kwa mtazamaji, na mwezi upande wa pili. Fundi anayechora ukuta kwa kuliweka jua kulia kwake yeye huvipindua.

Mwezi chini ya miguu ya Maria unatoka Ufunuo 12:1, mwanamke aliyevikwa jua. Wachoraji wa Ulaya wengi waliulaza pembe zikitazama juu, ingawa kwenye anga lao mwezi mchanga mara nyingi husimama upande. Kwetu hulala kwelikweli: siku mbili au tatu baada ya kuandama, tazama magharibi juu ya ghuba baada ya jua kuchwa, utauona umekaa kama mtumbwi. Anayechora Maria kwa kanisa la ziwani hana haja ya kunakili picha ya kigeni. Na asiogope madoa: mwaka 1612 Lodovico Cigoli alimchora Maria kwenye kuba la kikanisa ndani ya Santa Maria Maggiore, Roma, akiwa juu ya mwezi wenye mashimo, kama rafiki yake Galileo alivyouona kwa darubini.

Monstransi, chombo cha kuonyeshea Hostia Takatifu, huunganisha vyote viwili. Miale inayoizunguka ni jua. Ndani yake, kinachoishikilia Hostia isimame wima ni kifaa kidogo kinachoitwa lunula, ambacho umbo lake la asili ni mwezi mchanga, pembe juu. Mwezi unalibeba jua, na Kanisa linambeba Kristo kwenye maandamano ya Ekaristi. Kwa unyevu wa ziwa, kifaa kikaushwe kabisa kabla ya Hostia kuwekwa, kisafishwe kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na Hostia ibadilishwe mara kwa mara, maana ikivuta unyevu hugandamana na kioo na kuvunjika inapotolewa.

Giza la saa sita

Luka 23 inaeleza giza kuanzia saa sita hata saa tisa. Baadhi ya wahubiri huliita kupatwa kwa jua, na ni kosa. Jua hupatwa mwezi ukiwa kati yake na dunia, yaani siku za mwezi kuandama. Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka, mwezi ukiwa mpevu, upande wa pili kabisa wa anga. Julius Africanus, mwandishi Mkristo, alilisema hili katika karne ya 3. Tena kupatwa kamili hudumu dakika chache: kule kwa 2 Agosti 2027, kutakakopita Afrika ya Kaskazini, ni miongoni mwa kurefu kwa karne hii na hakutafika dakika 7. Saa tatu ni jambo jingine, na mhubiri aliache liwe jambo jingine.

Hesabu hiyohiyo inawajibu waliotisha watu mwaka 2014 na 2015 kwa "mwezi wa damu" wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, miaka miwili mfululizo. Mwezi hupatwa tu ukiwa mpevu. Pasaka ya Kiyahudi huwa daima kwenye mwezi mpevu. Kwa hiyo katika kupatwa kwa mwezi kunakotokea miezi ya Machi na Aprili, kwingi huangukia Pasaka hiyo au karibu nayo. Petro alipomnukuu Yoeli katika Matendo 2:20, kuhusu mwezi kugeuka damu, alikuwa anaeleza Pentekoste iliyokuwa inatokea mbele ya macho ya wasikilizaji wake.